Njia ya Ng'ombe, Njia ya Kimbunga

Usingizi unampitia Somoe Mfaume saa saba na nusu mchana, kwenye kiti cha mbao cha kituo cha hali ya hewa, kalamu ikiwa bado mkononi na chai ikiwa imepoa mezani. Hakukusudia. Siku mbili hajalala sawasawa, na kazi iliyo mbele yake haina subira: saa tisa kamili asome vipimo na kuvituma, kisha avuke tena daraja kwenda Rasi Mtunguni, alikozaliwa, akawaambie watu wake wahame. Asubuhi alikwenda na akarudi bila kulimaliza neno lililompeleka. Kimbunga kimepita kaskazini ya kisiwa cha Bukini, hicho ambacho ramani zinakiita Madagaska, na kesho alasiri kitaifikia pwani hii. Na Rasi Mtunguni ni ulimi mwembamba wa mchanga, nyumba sitini, bahari kulia na bahari kushoto. Mwenyekiti Mtolia alimsikiliza kwenye baraza ya msikiti mpaka sentensi ya pili, akacheka, wala si kwa ubaya. Binti Mfaume, alisema, mimi nina miaka sitini na minne, baba yangu kafa na themanini, na hakuna kati yetu aliyekiona kimbunga hapa. Bukini kinapiga kila mwaka, Msumbiji kinapiga, sisi hakitupigi. Wewe umesoma. Hebu tuambie, kwa nini wao na si sisi? Watu wote wakamgeukia. Somoe alilijua jibu, alilifanyia mtihani chuoni na kulipata, lakini macho yale yote yakamkausha koo, akabaki kuvitazama vidole vya miguu yake. Mwacheni mtoto wa watu, akasema mama mmoja, aibu itamuua kabla ya hicho kimbunga. Wakacheka, na Mtolia akajijibu mwenyewe: kwa sababu ya njia ya ng'ombe. Kila mwaka kabla ya masika watu wa rasi humzungusha fahali mweusi kandokando ya mji mara saba, wanawake mbele, wakiongozwa na Siwema, dada mkubwa wa mama yake Somoe, wakiimba, kipite, kipite, kiende Bukini. Aliye ndani ya njia hiyo hapatwi na baya. Ndiyo maana, tangu redio itangaze, watu wa vitongoji vya bara walikuwa wanavuka daraja na magodoro na mbuzi, si kutoka rasini bali kuingia rasini, wajikinge ndani ya duara. Somoe alipishana nao darajani akirudi. Aliwaamkia. Zaidi ya hapo hakusema kitu.

Sasa amelala, na katika kulala kwake anasimama kwenda kusoma vipimo. Anakifuata kile kisanduku cheupe chenye miguu minne na mbao zilizoachana ili hewa ipite, ambamo vipimajoto hukaa kivulini, anafungua kilango chake kama afanyavyo kila baada ya saa tatu, na kilango kinakuwa kikubwa, kinampita kimo, na ndani hakuna kipimajoto ila barabara. Anaingia. Nyuma yake mlango unageuka kuwa barabara nyingine, na ubavuni mwa hiyo nyingine tena, na zote ni nyeupe na zote zinakwenda. Penye njia panda anasimama mwanamke aliyejifunga kanga isiyo na maandishi, na ndani ya ushungi wake hamna uso, pako laini tu kama mgongo wa sahani. Shikamoo, anasema Somoe, maana hajui umri wa mtu asiye na uso na afadhali kuzidisha adabu. Kitendawili, anajibu yule mwanamke. Tega, anasema Somoe kwa mazoea. Ngoja kwanza uone, anasema yule mwanamke, halafu nitatega. Lakini ukishindwa unajua sheria, utanipa mji. Somoe anaijua sheria, kila mtoto anaijua. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akarudi na jibu. Ni mchezo tu, anajiambia. Lakini upepo unaotoka ndani ya ule ushungi una harufu ya mvua.

Wanatembea, au barabara inatembea na wao wamesimama, na wanafika kwenye mji uliokaa juu ya mshipi wa dunia, pale ikweta inapopita katikati ya uwanja kama mstari wa chaki. Katikati ya uwanja pana shimo, na watu wanatoka pande zote wakikimbia na makapu ya hewa vichwani, wanakuja moja kwa moja, hawapindi kulia wala kushoto, wanafika, wanamwaga, na shimo linajaa. Likijaa, kila mtu anakung'uta kapu lake na kwenda nyumbani. Ngoma imekwisha kabla ya kuanza. Linafunguka shimo jingine, wanakuja tena moja kwa moja, linajaa tena. Hapa hapajawahi kuvuma kimbunga, anasema asiye na uso, na watu wa hapa wanadhani ni kwa sababu ya wema wao. Sasa natega: nina shimo nililozaliwa nalo, likijaa nakufa, nifanyeje nisife? Somoe analijua. Ni kimbunga, na shimo ni ule mgandamizo mdogo wa hewa ulio moyoni mwake, na ili asife ni lazima hewa inayomkimbilia ikose njia, imzunguke badala ya kumwingia. Jibu limekaa ulimini kama punje ya mchele. Lakini watu wa uwanjani wamemgeukia, wote, na makapu yao, na koo linakauka kama lilivyokauka asubuhi. Toa mji, anasema asiye na uso. Na Somoe, ambaye amekuwa akiimba nyuma ya ng'ombe tangu hajang'oka jino la kwanza, anasikia kinywa chake kikisema kile ambacho watu wake husema siku zote: nakupa Bukini.

Barabara inainama kuelekea kusini. Kadiri wanavyouacha mshipi wa dunia, Somoe anahisi ardhi ikizunguka chini ya nyayo zake, kidogo kwanza, kama mtu anayevutwa mtandio kwa nyuma, halafu zaidi. Wanapofika mji wa pili, shimo liko vilevile na wenye makapu wako vilevile, lakini kila mmoja anayekimbilia katikati anavutwa kushoto, hatua kwa hatua, analikosa shimo kwa dhiraa chache na kujikuta analizunguka. Wa nyuma yake naye analikosa. Wa tatu naye. Muda si muda mji mzima umekuwa duara moja linalozunguka kama mishale ya saa, wanakimbia, makapu yamejaa, na shimo katikati ni tupu na tulivu na halijai kamwe. Ng'ambo ya maji Somoe anauona mji mwingine uliofanana na huu, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, kama vile mtu ameweka kioo juu ya ikweta. Kule wanavutwa kulia na ngoma yao inazunguka kinyume. Nani anawavuta, anauliza Somoe. Hakuna mkono, anasema asiye na uso. Dunia inazunguka, na aliye juu yake akisafiri mbali hupindishwa, isipokuwa pale kwenye mshipi, ambako upindishaji huo hauna nguvu. Ndiyo maana anayetaka kucheza ngoma hii hujitenga kwanza na ikweta. Kwetu ni mbali kiasi gani, anauliza Somoe, maana rasi yao haiko mbali sana na mshipi, iko ukingoni, kidogo tu ndani ya mahali ambapo ngoma inawezekana. Asiye na uso anafungua mlango ubavuni mwa barabara, na nje yake kuna pwani nyingine kabisa, ya upande wa machweo wa bara zima, ukungu umelala juu ya maji. Tia mguu, anasema. Somoe anatia mguu baharini na kuutoa upesi. Maji ni baridi kama ya mtungi wa kisimani. Hapa pia hawapigwi, anasema asiye na uso, nao pia wanajisifu. Kitendawili cha pili: mpishi wangu hawashi moto, sufuria yake haina mfuniko, na mgeni wake hali popote pengine. Somoe anatabasamu ndani kwa ndani. Mpishi ni bahari yenye joto, joto la kwenda chini pima nyingi, na kimbunga hula mvuke wake. Kikipita juu ya maji baridi au juu ya nchi kavu kinalala na njaa. Anataka kusema. Anasema kwa sauti ndogo mno, kama mtu anayezungumza na kola ya gauni lake. Sikusikia, anasema asiye na uso. Somoe anajaribu tena na sauti haitoki. Toa mji. Bukini, ananong'ona Somoe, na safari hii anajichukia.

Basi anapelekwa huko alikokutoa. Barabara inamtupa kwenye mji wenye mapaa ya nyasi na bati, unaotazama macheo, na juu ya paa moja yupo mwanamke wa makamo, kamba ya mkonge kinywani, anafunga pau. Anaitwa Rasoa, na katika ndoto hii anasema Kiswahili kama mtu wa Pemba. Ndiye huyo, Rasoa anamwambia asiye na uso bila kugeuka, ndiye aliyetutoa? Mara mbili, anasema asiye na uso. Mara mbili, anasema Rasoa, basi ana mkono mwepesi huyu binti. Panda juu unishikie kamba. Somoe anapanda, gauni linamkwaza, na anaishika kamba. Nisamehe mama, anasema. Usinililie juu ya paa langu, anasema Rasoa, litaoza. Vuta. Si hivyo, ninyi watu mnaoishi nyuma ya mgongo wa wenzenu hata fundo hamjui. Vuta kwa mwili wote. Mimi paa hili nimelifunga mara kumi na tisa. Lile la jirani yangu, ishirini na tatu. Kuna mwaka tulipoteza kila kitu kasoro mlango, tukausimika mlango peke yake uwanjani, tukawa tunabisha hodi na kuingia, watoto wakafa kwa kucheka, halafu tukaijenga nyumba kuufuata mlango. Unaona aibu gani kwangu hapo? Somoe haoni aibu. Anaona mji mzima uko juu ya mapaa, wanaume na wanawake, wanafunga na kuimba, na hakuna anayeitazama bahari kama mtu anayetazama adhabu. Kwa nini ninyi, anamuuliza, na swali linatoka lenyewe, lile la Mtolia. Rasoa anaitema kamba. Kwa sababu tuko njiani, basi. Vimbunga vingi vya bahari yetu vinazaliwa kule macheo, na pepo kubwa zinavisukuma kuja machweo, na wa kwanza kusimama mbele yavyo ni sisi, urefu wote huu, kifua wazi. Kikitupita hupinda kwenda kusini, kama kila chombo kinachochoka hutafuta nyumbani, na Msumbiji nao wakapata cha kwao. Ninyi mko juu kaskazini, karibu na mshipi, na mko nyuma yetu. Mnaimba kije kwetu, na hakijawahi kuja kwa sababu mliimba. Kinakuja kwa sababu tumekaa hapa. Tumekaa hapa kwa sababu ni kwetu. Na kichwa cha kisiwa chenu, anauliza Somoe polepole, kule kaskazini, kinaishia wapi? Hapo umeuliza la maana, anasema Rasoa, na kwa mara ya kwanza anamtazama. Kinaishia pale kinapoishia. Kile kinachopita juu ya kichwa chetu hakimkuti mtu mpaka kiwafikie ninyi. Ni nadra. Nadra si kufuli.

Asiye na uso anapanda paani bila ngazi, anakaa kati yao na kupanga kanga yake. Kitendawili cha mwisho, anasema. Tega, anasema Somoe. Nyumba haina komeo wala bawabu, mgeni hajawahi kubisha, na mwenye nyumba anausifu mlango wake. Juu ya mapaa yote watu wanaacha kufunga. Mji mzima unamtazama Somoe, mji aliokwisha kuutoa mara mbili, na Rasoa ameirudisha kamba kinywani. Toa mji, anasema asiye na uso. Somoe anaona kwamba anaweza kusema Bukini kwa mara ya tatu na hakuna atakayeshangaa. Anavua viatu, hajui kwa nini, anasimama wima juu ya pau, na upepo unamshika gauni. Sitoi mji, anasema. Sauti inatoka tumboni, nzima, inaenda mpaka paa la mwisho. Jibu ni sisi. Ni Rasi Mtunguni. Hatukufungiwa mlango kimbunga kisiingie, tumekaa kando ya njia yake tu, na njia huwa inapinda. Rasoa anacheka, kamba inamdondoka, na kutoka kwenye mapaa vinapigwa vigelegele, na asiye na uso anauvua ushungi wake polepole, na ndani yake hamna kichwa bali duara tulivu la anga ya buluu, na kandokando yake mawingu yanazunguka.

Yuko kitini. Saa ya ukutani inasema saa tisa kasoro dakika nane. Anainuka, anasoma barometa, imeshuka kuliko saa sita kwa kiasi ambacho hajawahi kukiandika katika miaka miwili ya kazi yake. Anasoma upepo, anasoma joto, saa tisa inagonga na anatuma. Mlangoni anasimama mtu, mwanga wote uko nyuma yake na uso hauonekani. Somoe anangoja aambiwe kitendawili. Njaa inakuua humu na chai ya jana, anasema yule mtu, na ni Mama Mkubwa Siwema na hotipoti ya wali na kisamvu. Shikamoo Mama Mkubwa. Marahaba mwanangu. Nimesikia Mtolia kakuchezea shere asubuhi. Mimi nilikuwa nampa ng'ombe maji, ningekuwapo ningemjibu. Ungemjibu nini, anauliza Somoe. Siwema anafikiri. Ningemwambia ana mdomo kuliko mamba, anasema, lakini kuhama, hapana, kuhama nisingekubali. Njia nimeipitisha mwenyewe mwaka huu, mara saba, kwa miguu hii. Na hapo Somoe anaanza kusema. Anamweleza juu ya wale wenye makapu na mshipi wa dunia, juu ya mpishi asiyewasha moto, juu ya Bukini iliyosimama kifua wazi na mahali kichwa chake kinapoishia. Anasema bila kutazama vidole vya miguu. Hajawahi kusema hivi mbele ya mkubwa yeyote akiwa macho, na hiyo ndiyo inayomtia shaka, sauti hii. Pengine hajaamka, pengine hili nalo ni chumba kingine cha ile barabara. Lakini haachi kusema. Siwema amekaa na hotipoti magotini. Kwa hiyo, anasema baadaye, na sauti yake imeumia, miaka yote hii nimezungusha ng'ombe bure. Sikusema hivyo Mama Mkubwa. Umesema. Somoe anapiga magoti mbele yake na kumshika mikono. Niambie, hiyo njia ni ileile ya bibi? Siwema anamtazama kana kwamba ameuliza kama bahari ina chumvi. Itakuwaje ileile, anasema, ncha ya rasi ililiwa na maji mimi kigori. Bibi yako akawaambia watu, mji umesogea, na ng'ombe asogee. Wakamtukana, akawaacha wanatukana, akamwongoza ng'ombe mahali pengine, wakamfuata. Anayeishika kamba ndiye anayejua mji uko wapi. Anasita. Maneno yake mwenyewe yamemsimamisha. Somoe ananyamaza, na kunyamaza huku si kule kwa asubuhi. Wewe mtoto, anasema Siwema, chuo kimekufundisha ujanja. Halafu anainuka, anajifunga kibwebwe, na kwa kimo chake kifupi anaujaza mlango wote. Hamna mtu rasini anayeweza kuishika ile kamba ila mimi, anasema. Twende.

Alasiri ile ile fahali mweusi anavuka daraja kutoka rasini kuja bara, Siwema mbele, wanawake nyuma yake, na kwa kuwa hakuna anayetaka kubaki nje ya njia ya ng'ombe, rasi nzima inavuka pia, na wageni wa vitongoji wanageuza magodoro yao na kufuata. Wanaukwea mlima wa ng'ambo ya daraja mpaka shule iliyo juu. Wimbo ni uleule, ila kila wanapofika kwenye jina la Bukini Siwema anapaza sauti na kuweka maneno mengine: kipite, kipite, waliokaa wakae. Somoe amesimama penye kona ya njia na shajara ya kituo, anaandika majina ya kila nyumba inayopita, asiachwe mtu. Mwenyekiti Mtolia anapita na godoro kichwani na jogoo kwapani. Binti Mfaume, anasema, kesho kisipokuja, nitakucheka mpaka uolewe. Nicheke, baba, anasema Somoe, ila unicheke ukiwa huku juu. Watu wanacheka, na safari hii kicheko hakimpigi yeye. Mtolia mwenyewe anacheka mpaka jogoo anapiga kelele. Nyumba hamsini na tisa zimeshapita. Ya sitini, ya bibi mmoja kiwete, inabebwa na vijana wanne kwenye kitanda chake cha kamba, naye bibi amekaa wima kama malkia, anaamkia watu kulia na kushoto. Upepo umeanza kuja kwa mikupuo. Ng'ombe anaizunguka shule mara ya kwanza, ya pili, na Somoe anazihisi nyayo zake juu ya ardhi inayozunguka, kidogo, kama mtu anayevutwa mtandio, na hajui bado kama yuko macho. Ikiwa yuko macho, watu wake wote wako juu. Ikiwa bado amelala kwenye kile kiti cha mbao, basi akiamka itambidi avuke daraja na kuyasema haya yote upya, mbele ya macho yote yale, neno kwa neno. Na anaona kwamba haogopi.